Maji Yanajaa Saa Kumi

Usiku wa harusi kule Masasi, wenzangu wakiwa kwenye foleni ya kumtunza bibi harusi, mimi nilikuwa nje ya turubai nimeinua shingo. Shemeji akanifuata akidhani kuna mtu ameniudhi. Nikamwambia natazama mwezi, nahesabu maji. Alicheka mpaka akashika kiuno. Masasi ni nchi ya majabali. Ukiona maji mengi hapo ujue bomba limepasuka.

Hesabu yangu lakini haikuwa na kosa. Jumamosi ile mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili upevuke, nami nilikuwa na Jumatatu nzima ya kukaa Mtwara kabla ya basi la Dar es Salaam la alfajiri ya Jumanne. Mwezi mpevu ni bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na bamvua la pwani ile lina tabia ambayo sisi tuliokulia Mtwara tuliijua kabla hatujajua jedwali la kuzidisha. Asubuhi, saa nne kwenda saa tano, maji hukupwa yakaenda mbali mpaka ukadhani yamehama mji. Halafu hurudi taratibu, na ikifika saa kumi alasiri yamejaa. Saa kumi, yaani shule imetoka na mama hajaanza kuita. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yaligeuka: bahari inajaa asubuhi sisi tuko darasani, tukitoka tunakuta maji ya magotini. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba Mungu aliumba bamvua kwa ajili ya wanafunzi wa zamu ya asubuhi.

Sikuwa na shughuli yoyote Mtwara. Ningeweza kupanda basi Masasi moja kwa moja, na mume wangu aliniuliza kwenye simu, kwa upole wa mtu anayehesabu nauli, hiyo Jumatatu ni ya nini. Nikamjibu ya kuogelea. Kimya kikapita, kisha akaniambia nisisahau korosho.

Tulihamia Mtwara mimi nina miaka minne, tukaondoka 1996 nina kumi na sita. Baba alikuwa karani bandarini. Siku hizo kufika Dar kwa barabara ilikuwa bahati nasibu: mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, masika yakishika magari yanalala njiani, na abiria wanaanza kuzoeana kama majirani. Daraja lilikuja kufunguliwa 2003, likapewa jina la Mkapa, mtoto wa Lupaso kule kule Masasi. Sisi tulikuwa tumeshaondoka, kwa meli, mimi nikitapikia ndoo moja na mdogo wangu.

Jumatatu niliamka saa kumi na mbili katika nyumba ya wageni ya Chikongola yenye feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Nikatoka kwa miguu kutafuta vitumbua. Sikuulizia mtu, nilifuata pua. Mama mmoja alikuwa kibarazani na chuma chake cha mashimo saba, anageuza kwa mchokoo, na kando kuna birika la chai ya rangi yenye mchaichai. Nikala vitumbua vinne nimesimama. Ule ukingo wa kitumbua, pale mafuta yanapokuwa yamekaangiza mpaka pakawa kama utando, Dar sijaupata. Wa Dar wanaongeza sukari sana, halafu wanavifunika vinalowa. Kama kuna anayebisha, aje tubishane na kitumbua mkononi.

Kutoka hapo nikatembea tu. Barabara za Mtwara ni pana kuliko haja yake, na nafasi kati ya mtaa na mtaa ni kubwa hata mgeni hujiuliza mji wenyewe uko wapi. Baba alitueleza sababu mara zisizo na idadi juu ya sinia la ugali. Huu, alisema, ni mji uliochorwa kwanza ukaombewa watu baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta: Kongwa, Urambo, na huku kusini Nachingwea. Kazi ilianza 1947. Karanga za Nachingwea zilitakiwa zifike baharini, kwa hiyo ikahitajika bandari yenye kina, reli ya kuishusha mizigo, na mji wa kukaa wenye kazi zao. Wakapima viwanja vya mji mkubwa. Karanga hazikuota kama walivyopigia hesabu, na 1951 mpango ukatupwa. Reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Ikabaki bandari, na barabara pana zinazongoja magari.

"Lakini mji huu utakuja kuwa," baba alimalizia kila mara, akichovya tonge. Kuwa nini, hakusema. Alikuwa na imani na bandari ile kama wengine wanavyokuwa na imani na timu ya mpira. Gesi ilikuwa imeshagunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, akaiongeza kwenye ushahidi wake. Alifariki kabla gesi haijavuta watu. Baadaye nikasikia kwamba mahoteli yameota, kodi za nyumba zimepanda, kisha 2013 nikasikia vurugu za bomba, watu wakiuliza kwa nini gesi ipelekwe Dar. Bomba likaenda. Kiwanda cha saruji kikaja. Nilipopita Jumatatu ile barabara zilikuwa bado pana, na mbuzi wawili wamelala katikati ya mojawapo, bila wasiwasi hata kidogo.

Saa tatu nikachukua bajaji kwenda Mikindani, kilomita kama kumi. Kijana aliyeniendesha aliniita mama, nimeanza kuzoea. Nikamuuliza bajaji ni yake au ya tajiri. "Yangu, mama. Hii ni korosho ya mwaka juzi." Mama yake ana mikorosho Tandahimba. Mtwara ndivyo fedha inavyohesabiwa: bati ni korosho ya mwaka fulani, mahari ni korosho ya mwaka fulani, mtoto aliyekwenda chuo ni korosho. Akanieleza habari za minada na makato na stakabadhi ghalani kwa ufasaha ambao mimi, mwenye cheti cha biashara, sina. Akakumbuka 2018, serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kusomba magunia. Wengine walipata fedha yao mapema, alisema, wengine walingoja. Yeye alikuwa darasa la saba, na alichokumbuka zaidi ni malori ya jeshi kujaa kijijini, na watoto kukimbia nyuma yake.

Barabara inapoteremka kuingia Mikindani ghuba hufunguka yote mara moja, na asubuhi ya bamvua haina maji. Kumebaki tope linalong'aa, mikoko iliyosimama na mizizi nje, mitumbwi imelala ubavu. Wanawake walikuwa mbali kule, wameinama, ndoo mkononi, wanaokota kombe. Nilivua viatu? Sikuvua. Hilo ndilo kosa. Niliingia na ndala zangu mpya za harusini, hatua ya sita tope likaishika ya kushoto, nikavuta mguu, mguu ukaja peke yake. Nikainama nikachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Mtoto mmoja aliyekuwa anawinda kaa akasimama kunitazama kwa heshima zote, kisha akasema, "Mama, ishakwenda hiyo." Nikamkabidhi na ya kulia. Mguu mtupu ndani ya tope la Mikindani: juu lina uvuguvugu, chini ya vidole baridi, na kati yake kitu kidogo kinakukimbia. Nilikaa humo kama saa nzima, nimepata kombe tisa, nikampa mwanamke mmoja aliyekuwa na ndoo karibu ijae. Alizipokea kwa adabu kama nimempa kitu.

Mikindani ni mzee kuliko Mtwara. Ndio ulikuwa mji, kabla bandari ya karanga haijaja kuupiku. Kuna vichochoro, nyumba za mawe zilizochoka, milango ya kuchonga ambayo jua limeipauka. Juu kilimani kuna Boma walilojenga Wajerumani 1895, siku hizi ni hoteli. Kuna nyumba inayoitwa ya Livingstone vilevile. Aliondokea ghuba hii mwaka 1866 kwenda kutafuta chanzo cha Nile, na hakurudi kwao akiwa hai. Shuleni tulipelekwa mbele ya nyumba hiyo kila mwaka. Nilichokuwa nakitaka mimi miaka yote ile kilikuwa ng'ambo ya njia: baraza la kahawa.

Kwa wasiojua, baraza la kahawa si mahali pa msichana. Nilikuwa natumwa kashata, nachukua, naondoka. Nilisikia vicheko vyao kwa nyuma, ule mlio wa kete zikianguka kwenye bao, tak-tak-tak, mtu anasema jambo kwa sauti ya chini na wote wanalipuka. Sikuwahi kujua walikuwa wanacheka nini. Jumatatu ile nilifika pale miguu imejaa tope mpaka magotini, nikasema, "Shikamooni wazee." "Marahaba." Nikauliza kama kuna nafasi. Walitazamana. Mmoja akasogea, akapangusa baraza kwa kofia yake. Nikakaa.

Dakika mbili nzima hakuna aliyesema neno. Mwenye birika akanimiminia kahawa chungu kwenye kikombe kisicho na mkono, akanipa kipande cha kashata. Nikanywa. Halafu mzee aliyekuwa anacheza bao akauliza, bila kuinua macho kwenye kete, viatu viko wapi. Nikamwambia tope limechukua. "Cha kushoto kwanza?" Cha kushoto kwanza. "Ghuba hii inaanza na cha kushoto," akasema, na wote wakalipuka, na mimi nikawa ndani ya kicheko badala ya nyuma yake. Mazungumzo yakarudi: bei ya nazi, mkwe wa mtu, refa wa juzi. Vitu vya kawaida kabisa. Miaka thelathini nimewaza kwamba pale palikuwa na siri. Nikanywa vikombe vitatu, na mzee akatuma mjukuu akaniletee yeboyebo za dukani, nyekundu, saizi moja pungufu.

Mchana nilirudi Mtwara mjini, nikaenda Majengo mtaa wetu. Nyumba yetu imezungushiwa ukuta na ina geti jeusi. Niliitazama kidogo nikaendelea. Niliyemfuata pale alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, ambaye watoto tulimwita Bibi Korosho. Yuko. Macho yamepungua, masikio yako. Nilimwamkia getini, akaniuliza wa nani, nikamtajia baba.

"Si wewe ntoto uliyeungua ndomo?"

Ni mimi. Korosho ghafi ina mafuta kwenye ganda yanayounguza kama tindikali, na mimi nikiwa na miaka saba sikungoja zikaangwe, niliipasua moja kwa meno. Wiki mbili midomo ilikuwa kama maandazi. Bibi yeye alizikaanga uani kwenye debe lililotobolewa matundu, na sasa mjukuu wake ndiye anafanya, bibi anasimamia kwa pua. Korosho zinamwagwa debeni, moto chini, baada ya muda ganda linatoa mafuta na mafuta yanashika moto, moshi mweusi unapanda. Unakoroga kwa mti mrefu, uso umeugeuza pembeni. Bibi akisikia mlio fulani, mimi sikuusikia, anasema "Mwaga!" na zote zinamwagwa mchangani zizimike. Kisha mnakaa na mawe mnagonga moja moja, mikono mmeipaka majivu. Iliyovunjika unakula. Nikajikuta navunja nyingi, kama zamani, na bibi akanikemea kama zamani.

Akanipa na mabibo, maana ndio msimu. Wageni wengi wanajua korosho lakini hawajui bibo, lile tunda jekundu au la njano ambalo korosho huning'inia chini yake. Lina maji matamu kisha linakaba koo, na doa lake kwenye shati jeupe la shule halitoki hata kwa maombi. Nililiinamia kwa mbele, miguu mbali, kama mama alivyotufundisha baada ya kutuchapa. Palikuwa na ming'oko pia, ile mizizi myembamba ya porini, imechemshwa kwa chumvi na pilipili. Unaibana kwa meno unavuta, ganda linabaki mkononi. Uraka, ile pombe ya mabibo, sikupewa. Bibi alisema wazi kwamba mtoto wa karani hapewi uraka kwake, na nina miaka arobaini na mitano.

Tukiwa tunagonga alinisimulia Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipotangazwa. Gari la matangazo lilipita, watu wa pwani wakaambiwa waende sehemu za juu. Yeye akafunga kuku watano kwenye tenga akaenda nao kulala shuleni, wakiwemo jogoo wawili wasiopatana. Usiku kucha watu wanasali, jogoo wanapigana. Kimbunga hakikuja, kiligeuka kikaangukia Msumbiji, Cabo Delgado. "Asubuhi tukarudi tunacheka kuku," akasema. "Halafu tukasikia ya wenzetu ng'ambo ya Ruvuma, tukaacha kucheka." Akanyamaza, akagonga moja, akanipa iliyo nzima.

Saa tisa na nusu nikaaga. Akanifungia korosho kilo mbili, akakataa hela, nikaiweka chini ya sufuria, akaisikia.

Ufukweni Shangani maji yalikuwa yamekuja. Hayakuwa yamefika mwisho, yamebakiza hatua kama kumi kufikia mchanga mkavu. Watoto wa shule walikuwa wameshaanza kushuka, sare wamezikunja juu ya mabegi, mabegi chini ya mkungu na mlinzi mmoja mdogo anayelia kwa sababu amepewa ulinzi. Nilikuwa nimevaa dera kuukuu na kanga moja kiunoni. Nikaingia taratibu. Maji ya saa kumi ya bamvua yamepita juu ya mchanga uliopigwa jua tangu asubuhi, kwa hiyo yanafika ya moto. Si vuguvugu, ya moto, kwenye vifundo na magoti, halafu ukienda mbele baridi inakuja chini kama mtu amekufungulia mlango.

Sijaogelea baharini miaka sita, na ninaishi Dar es Salaam. Nilijilaza chali. Masikio yakiwa chini ya maji husikii watoto, unasikia ule mchakacho mdogo wa kokoto. Upande wa bandarini winchi zilisimama.

Kutoka nyumbani kwetu hadi pale ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Katika miaka kumi na miwili sikumwona baba ameloa maji ya chumvi hata siku moja. Alikuja ufukweni, ndiyo, siku za Idi, na viatu vya kufunga kamba, akatuonyesha meli kwa kidole na kututajia tani zake. Alikuwa anaungoja mji. Sisi tulikuwa tunamrushia maji na yeye anarudi nyuma hatua moja, akicheka, akilinda suruali. Nilikaa humo mpaka vidole vikajikunja, na nilitoka kwa sababu ya njaa tu.

Pweza nilimla jioni, kwa kusimama tena. Siku nzima nadhani nilikaa chini mara mbili. Karai linachemka, kijana anakata vipande, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye kisahani cha pilipili ya ndimu ambacho watu wanane mnachangia na hakuna anayekitazama kwa karibu. Hesabu ni kwa vijiti. Nilipomaliza alihesabu kumi na nne, nikabisha kwamba ni kumi na mbili, mzee wa pembeni akatoa ushahidi kwamba ni kumi na tano. Nikalipa kumi na nne haraka.

Basi liliondoka alfajiri. Dera na kanga havikukauka usiku, feni ile haikuwa na nguvu za kukausha leso, nikavisokomeza kwenye mfuko nikaupakata. Tulipofika Lindi jua limeshachomoza, na jirani yangu wa kiti, baba mmoja mwenye mkoba wa ofisi, alikuwa amefungua dirisha mara tatu. Hatimaye akashindwa.

"Samahani mama, umebeba samaki?"

"Kanga."

"Kanga?" Akautazama mfuko uliokuwa unadondosha maji kwenye yeboyebo zangu nyekundu. "Kanga inanuka pwani hivyo?"

Nikamgawia korosho. Akala, akafunga dirisha.